Tulifuata gari, jibu lilikuwa kwenye simu

Mpwa wangu wa Tanga ameanza tena. Juzi alfajiri nimerudi kazini, sijavua hata viatu, nakuta ujumbe wake wa sauti wa dakika mbili: "Shangazi, shikamoo. Eti kocha anabaki? Na huyu ambaye mkataba wake unakwisha, ataenda wapi? Wewe uko hukohuko Toronto, hebu nidokeze." Ana miaka 16. Anaamini kwamba kwa kuwa naishi mji mmoja na Raptors, timu ya kikapu ya hapa, basi siri za ofisini kwao zinanifikia mlangoni kama harufu ya maandazi ya jirani.

Sina siri yoyote. Napanga mikate kwenye trei usiku, na mchana nalala. Lakini tetesi za usajili nimezila na kuzinywa tangu utotoni, na kuna Julai moja ambayo nimekuwa nikimwahidi huyu mtoto kwamba nitamsimulia vizuri, si kwa vipande vya sauti. Nimeamua kuiandika hapa.

Nimezaliwa Ngamiani, Tanga, baba yangu Coastal Union damu, timu yetu ya mpira. Mwaka 1988 Coastal walipochukua ubingwa wa ligi, baba alisherehekea mpaka sauti ikamkauka, na mpaka leo ukimgusa hapo anaanza kutaja kikosi kizima. Lakini kilichobaki kichwani mwangu si ubingwa, ni miezi iliyofuata, na miaka iliyofuata baada ya hiyo. Kila mchezaji aliyewika Tanga, kijiweni kulianza mnong'ono: Simba wamemfuata, Yanga wametuma mtu, ameonekana stendi na begi. Ameonekana na begi! Hiyo ndiyo ilikuwa hoja nzito kuliko zote. Wazee walikaa na vikombe vyao vya kahawa na kashata wakilichambua begi lile: dogo au kubwa, la safari au la nguo chafu. Mara nyingi mwisho wake ulikuwa mmoja, mchezaji anakwenda Dar na sisi tunabaki tukisema tulijua.

Kwa hiyo nilipofika Toronto mwishoni mwa 2013 na kuwasikia mashabiki wa kikapu wa hapa, sikuhitaji mkalimani wa maumivu yao. Tracy McGrady aliondoka 2000. Vince Carter akaondoka Desemba 2004. Chris Bosh akaenda Miami 2010. Mji mmoja tu wa Kanada katika ligi ya timu 30, baridi kali, na kila nyota akikomaa anatazama kusini. Nikasema moyoni, hawa ni watu wa Coastal.

Kikapu chenyewe kilikuwa kimeingia nyumbani kwetu mapema kidogo, kwa sababu ya Hasheem Thabeet. Juni 2009 kijana wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili katika drafti, pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na Memphis Grizzlies. Wa tatu alikuwa James Harden, wa saba Stephen Curry. Kaka yangu, baba wa huyu mpwa, aliwaambia watu wote wa mtaa. Februari 2011 Memphis wakampeleka Houston kwa kubadilishana wachezaji, na kaka alisikia habari hiyo siku mbili baadaye kwenye redio. Nakumbuka aliuliza swali ambalo bado silijibu vizuri: "Wao walimuuliza lakini?" Hawakumuuliza. NBA haifanyi hivyo. Isipokuwa wachezaji wachache sana wenye kipengele maalumu mkatabani, mtu analala akiwa wa timu hii na kuamka akiwa wa nyingine, na mke na watoto wakafungashe.

Wa tisa katika drafti hiyohiyo ya 2009 alikuwa DeMar DeRozan, na waliomchukua ni Toronto. Huyu ndiye ninayetaka mpwa wangu amjue kwanza, kabla sijafika kwa Kawhi Leonard, nyota wa ile Julai niliyoahidi.

DeMar ni mtoto wa Compton, California, kule kwa jua na bahari. Julai 2016 mkataba wake uliisha na akawa mchezaji huru. Sisi mashabiki tulikuwa tumeshamfunga begi kichwani mwetu: anakwenda Lakers, nyumbani kwao, nani angekataa. Hata hakukutana na timu nyingine. Akasaini miaka mitano, dola milioni 139, akasema, "Mimi ndiye Toronto." Nilinunua jezi yake namba 10 wiki ileile, kwa pesa ambazo zilikuwa za viatu vya baridi.

Usajili huohuo wa 2016 ndio uliomuumiza mwenzangu wa kazini, baba mmoja wa Lubumbashi ambaye kiwandani wote tunamwita Papa. Yeye mtu wake alikuwa Bismack Biyombo, mwana wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndiyo lugha ya soko na ya nyumbani. Mei ya mwaka ule, kwenye fainali za Mashariki, yaani za nusu ya ligi tuliyomo sisi, dhidi ya Cleveland, Biyombo aliokota ribaundi 26, mipira iliyokosa kikapu, katika mchezo mmoja. Kila alipozuia mpira alipunga kidole, na Papa alikuwa akipunga naye mbele ya mkanda wa mikate. Toronto walikuwa wamempata mwaka mmoja tu kabla, kwa mkataba mdogo. Sasa televisheni zilikuwa zimesaini na ligi kwa mabilioni, kikomo cha mishahara cha kila timu kikaruka ghafla kutoka dola milioni 70 hadi 94, na kila timu ikawa na fedha za kumwaga. Orlando wakampa Biyombo milioni 72 kwa miaka minne. Toronto, wenye mzigo wa mishahara ya DeMar na mwenzake Jonas Valančiūnas tayari mgongoni, hawakuweza kufika hapo. Tulibishana wiki nzima kama angebaki kwa bei ya kindugu. Papa ndiye alikuwa mtulivu kuliko wote. "Mama, ule mutoto ataenda tu. Acha akamate makuta yake. Njo maisha."

Papa hakuwa na tetesi yoyote. Alipiga hesabu. Nami tangu siku ile nimejifunza kuanza na hesabu.

Turudi kwa DeMar. Msimu wa 2017-18 Raptors walishinda michezo 59, rekodi ya klabu. Kocha alikuwa Dwane Casey, mwaka wake wa saba, mtu mpole aliyeichukua timu ikiwa kichekesho na kuifanya timu ya kuheshimiwa. Halafu kwenye mtoano wakakutana na LeBron James, nyota wa Cleveland, mwaka wa tatu mfululizo, na wakafungwa 4-0. Tarehe 9 Mei makocha wenzake wa ligi nzima walimchagua Casey kuwa kocha bora wa mwaka. Tarehe 11 Mei akafukuzwa. Siku mbili. Mwezi uliofuata ligi nayo ikampa tuzo yake rasmi ya kocha bora, akapanda jukwaani kuipokea akiwa tayari ameajiriwa na Detroit.

Kipindi kile tulimpanga kila mtu kwenye kiti cha Casey. Mimi nilikuwa wa Mike Budenholzer. Niliamini kabisa, nikamwambia hata dereva wa basi. Budenholzer akaenda Milwaukee. Toronto wakampa kazi Nick Nurse, msaidizi aliyekuwa amekaa benchi lilelile tangu 2013, mtu aliyepitia Birmingham na Brighton kule Uingereza na ligi ndogo ya Marekani. Tulikasirika. Tulisema wamechukua wa bei rahisi. Mwaka mmoja baadaye Nurse alimfunga Budenholzer 4-2 kwenye fainali za Mashariki, baada ya kupoteza miwili ya kwanza, na mimi nilimtafuta yule dereva wa basi nimtake radhi, sikumpata.

Lakini pigo lenyewe lilikuja tarehe 18 Julai 2018. DeMar, ambaye mwezi uleule alikuwa amepewa kuelewa kwamba habadilishwi, akapelekwa San Antonio pamoja na Jakob Poeltl na haki ya kuchagua kijana mmoja kwenye drafti. Waliokuja upande wetu ni Danny Green na Kawhi Leonard. DeMar akaandika mtandaoni kwamba katika mchezo huu hakuna uaminifu. Masai Ujiri, rais wa timu wakati ule, aliyeupanga mpango huo, akamwomba radhi hadharani. Na Masai ni mtu ninayemheshimu. Mama yake ni Mkenya, na watu wa kwetu hapa tunamhesabu kama mjomba. Nilimheshimu na bado nililia. Nilikuwa nimevaa ile namba 10 siku hiyo, nimelala nayo.

Kila mtu alijua Kawhi hakuomba kuja Toronto. Alitaka Los Angeles, kwao ni Kusini mwa California. Mkataba wake ulikuwa na mwaka mmoja tu kabla ya kuwa huru. Kwa hiyo tetesi hazikuanza Julai 2019, zilianza siku aliyotua. Akicheka, anabaki. Asipocheka, anaondoka. Akipumzishwa mchezo, anatunza goti lake kwa ajili ya timu nyingine. Alicheza michezo 60 tu kati ya 82 na kila mchezo aliokosa ulikuwa na tafsiri zake. Ndilo begi la stendi lilelile la Ngamiani.

Halafu ikaja tarehe 12 Mei 2019. Ilikuwa Ramadhani, Jumapili, na hapa ilikuwa pia Siku ya Mama. Mchezo wa saba dhidi ya Philadelphia ulianza saa moja jioni, na magharibi ya Toronto wakati ule inaingia saa mbili na nusu. Nilikuwa nimeandaa uji wa pilipili manga, kaimati, na mihogo ya nazi. Adhana ya simu ililia mchezo ukiwa moto. Tukafungua kwa tende na macho kwenye televisheni, Mungu atusamehe. Tuliposwali na kurudi, matokeo yalikuwa yanapandana. Sekunde za mwisho, 90-90, Kawhi akakimbia na mpira kuelekea kona ya kulia, Joel Embiid wa Philadelphia yuko juu yake na urefu wake wote, akaurusha juu sana. King'ora kikalia mpira ukiwa hewani. Ukagonga chuma. Ukagonga tena. Mara nne uligonga chuma, na mimi kaimati ilikuwa mkononi, nusu nimeing'ata. Ukaingia. 92-90. Alifunga pointi 41 usiku ule. Mwanangu wa mwisho alikimbia mpaka nje kwenye korido bila viatu, na milango yote ya ghorofa yetu ikafunguka, Wafilipino, Watamili, Wajamaika, watu ambao tulikuwa tunapeana salamu za kichwa tu kwenye lifti.

Tarehe 13 Juni wakawafunga Golden State 114-110 kule Oakland na kuchukua kombe, la kwanza kwa timu ya Kanada. Kwenye maandamano ya ushindi tarehe 17 umati uliimba mbele yake: miaka mitano zaidi, miaka mitano zaidi. Hatukuwa tumemaliza hata kusherehekea, tayari tunamwomba mtu asiondoke.

Kwa nini mitano? Nieleze hapa, maana mpwa wangu huwa anachanganya ligi hii na mambo ya Simba na Yanga. Kwenye mpira wa miguu klabu yenye fedha inanunua. NBA kila timu ina kikomo cha mishahara. Msimu wa 2019-20 kilikuwa dola milioni 109 hivi. Timu iliyojaa haiwezi kumchukua mchezaji huru wa watu kwa fedha nono. Ila kwa mchezaji wake mwenyewe inaruhusiwa kuvuka kikomo, na kumwongezea mwaka mmoja ambao wengine hawawezi kumpa. Toronto walikuwa na uwezo wa kumpa Kawhi miaka mitano, karibu milioni 190. Mwingine yeyote, miaka minne, karibu milioni 141. Sisi tuliishikilia ile tofauti ya milioni 50 kama mtu aliyeshika kamba kisimani. Mikahawa ilibandika alama madirishani kwamba Kawhi akija atakula bure. Picha ikazagaa, ikidaiwa ni yeye dukani akinunua maboksi ya kuhamia, na watu wazima wakabishana: maboksi ya kuondokea, au ya kuhamia nyumba nyingine hapahapa?

Jumatano tarehe 3 Julai ndiyo siku nisiyoisahau. Watu walikuwa wanafuatilia ndege binafsi kwenye ramani za mtandaoni, ikaonekana moja inatoka Los Angeles kuja Toronto. Ikatua Pearson, uwanja wetu wa ndege. Magari meusi yakatoka, na helikopta ya televisheni ikayafuata juu ya barabara kuu, moja kwa moja, kama msafara wa rais, mpaka hoteli moja ya mtaa wa Yorkville ambako watu walikuwa wameshajazana barabarani. Nilitakiwa niwe nimelala, zamu yangu inaanza saa nne usiku. Nilikaa kitandani na simu nikilitazama gari likisimama kwenye taa nyekundu. Papa alinipigia: "Mama, unaona motokari?" Naona. "Iko anapita wapi sasa?" Nikamwambia mtaa. Tukakaa kimya kwenye simu, watu wawili wazima, tunalitazama gari. Hatukumwona hata mtu akishuka.

Ijumaa usiku, tarehe 5, nikaenda kazini. Kabla ya saa sita usiku ule tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 7.1 lilipiga Kusini mwa California, likatikisa mpaka Las Vegas ambako ligi ya majira ya joto ilikuwa inachezwa, wakasimamisha mchezo. Kiwandani habari ilipotufikia watu wakasema basi leo hakuna habari ya usajili, kule wanashughulika na tetemeko. Simu zetu zinakaa kwenye makabati mpaka mapumziko. Mapumziko yetu ni saa nane usiku. Nilifungua kabati, nikaona ujumbe 64. Sikuhitaji kuusoma hata mmoja. Kijana mmoja wa Kigujarati alikuwa ameshakaa chini sakafuni, kofia ya nywele bado kichwani.

Clippers. Los Angeles. Mkataba aliokuja kuusaini ulikuwa wa miaka mitatu, milioni 103.

Na hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo limekaa nami mpaka leo. Kawhi hakuwa ameenda peke yake. Usiku uleule Clippers walimchukua Paul George kutoka Oklahoma City. Paul George! Mwaka mmoja tu kabla alikuwa amesaini upya Oklahoma kwa miaka minne. Jina lake halikuwemo katika orodha yoyote ya wachezaji huru, kwa sababu hakuwa huru. Wakati sisi tunaifuata ndege, tunalifuata gari, tunahesabu maboksi, Kawhi alikuwa anaongea na Paul George, na Paul George akawaomba Oklahoma wamwachie. Jambo lililoamua lilikuwa kwenye simu za watu wawili. Gari tulilifuata kwa sababu gari linaonekana kutoka angani.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Kuna waliochoma jezi, kuna waliotukana. Kijana wa Kigujarati alisema Kawhi ametutumia. Nikamuuliza, DeMar sisi tulimfanya nini? Hakujibu, na sikumwuliza kwa kumshinda. Nilikuwa najiuliza mwenyewe.

Maana miaka yangu ya mwanzo hapa nilifanya kazi kupitia wakala wa vibarua. Nilikaa bohari moja miezi kumi na minne. Wiki ileile msimamizi alinihakikishia kwamba kuanzia mwezi ujao nitakuwa wa kudumu, nikampigia mama Tanga kumweleza. Alhamisi saa nne usiku ukaja ujumbe kwenye simu: kesho usiende kule, nenda Brampton, kiwanda kingine, zamu nyingine. Vyombo vyangu vya chakula vilibaki kwenye friji ya bohari, bakuli langu la bluu, sikulipata tena. Hakuna aliyeniuliza. Na miaka miwili baadaye nilipopata ajira ya kudumu hii ya mikate, nikawaaga wale wakala siku mbili kabla, dada wa ofisini akaniambia nimewaacha vibaya na sina shukrani.

Nasema kwa moyo wangu wote: mwaka mzima timu ndiyo imeshika mpini, mchezaji kashika makali. Inamhamisha, inamvunjia, inambadilisha na haki ya kuchagua mtoto ambaye bado yuko shule. Halafu mkataba unaisha, na kwa siku chache mpini unageuka. Hizo siku chache ndizo sisi mashabiki tunazoziita usaliti. DeMar alipokuwa na mpini, 2016, alituchagua sisi bila kumsikiliza mwingine, na miaka miwili baadaye tukampeleka San Antonio. Kawhi hakutuchagua, alicheza, akatupa kombe, na mpini ulipomfikia akaenda kwao. Nani kati yao tunamdai?

Tarehe 11 Desemba 2019 Kawhi alirudi Toronto na jezi ya Clippers kupokea pete yake ya ubingwa. Kyle Lowry, mwenzake wa ule ubingwa, ndiye aliyemkabidhi. Nilikuwa nyumbani, siku yangu ya mapumziko, na nilikuwa na hofu kwamba watu watazomea. Wachache walizomea. Uwanja mzima ulisimama kumshangilia. Clippers wakatufunga 112-92, na usiku ule haikuniuma.

Nimeruka jambo moja. Ili kumpata Paul George, Clippers waliwapa Oklahoma haki lukuki za drafti na kijana mmoja aliyekuwa amemaliza mwaka wake wa kwanza tu: Shai Gilgeous-Alexander. Shai amekulia Hamilton, saa moja kwa gari kutoka kwangu. Usiku ule wa saa nane, kwenye chumba cha mapumziko kilichojaa mashabiki wa Kanada, jina la kijana wa Kanada lilikuwa limeandikwa kwenye habari ileile na hakuna hata mmoja wetu aliyelitamka. Moja ya zile haki za drafti ikawa Jalen Williams, 2022. Juni 2025 Shai na Jalen walichukua ubingwa na Oklahoma, Shai akiwa mchezaji bora wa ligi na wa fainali. Papa alinipigia asubuhi yake. "Mama, siye tuliangaria motokari."

Kuhusu makocha nina kisa kimoja tu cha kuongeza, halafu nimjibu mtoto wa watu. Nick Nurse, yuleyule tuliyemkataa kisha tukampenda, mwisho wa Machi 2023 aliwaambia waandishi wa habari kwamba msimu ukiisha atakaa atafakari mustakabali wake. Kauli hiyo haikuhitaji helikopta. Mimi naamini maneno ya kocha kabla msimu haujaisha kuliko picha mia za uwanja wa ndege, kwa sababu hakuna anayemlazimisha kuyasema. Tarehe 12 Aprili, Ramadhani tena, tulicheza na Chicago mchezo wa kuokoa msimu. Chicago walikuwa na nani? DeMar DeRozan. Binti yake wa miaka tisa alikaa jukwaani akawa anapiga kelele kila mchezaji wetu alipokwenda kwenye mtupo huru. Tulipata 18 kati ya 36. Tukafungwa 109-105. Nilikuwa nakula futari yangu na namba 10 nimeivaa, na sikujua nimshangilie nani, nikamshangilia yule mtoto.

Nurse alifukuzwa tarehe 21 Aprili. Kwetu hapa ilikuwa Ijumaa ya Idi. Nilikuwa nakaanga vitunguu vya biriani simu ilipoanza kulia. Kiangazi kilekile Fred VanVleet, mchezaji wetu ambaye mwaka 2016 hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, aliusikia mpini mkononi mwake akaenda Houston kwa karibu milioni 130, miaka mitatu, na Toronto hawakupata kitu. Safari hii sikusikia jezi ikichomwa mtaani kwetu. Dada mmoja kazini alisema tu, "Ametoka mbali yule," akaendelea kupanga trei.

Basi mpwa wangu, hivi ndivyo ninavyotazama siku hizi. Kwanza natafuta mkataba unaisha lini na timu ina nafasi kiasi gani chini ya kikomo. Hizo ni namba za wazi, hazihitaji shangazi wa Toronto. Pili nasikiliza kocha anasema nini mwenyewe, kwa mdomo wake. Tatu nakumbuka kwamba anaweza kuwepo Paul George ambaye simwoni. Baada ya hapo nabaki na kutaka kwangu tu, na huko kutaka nakutaja kwa jina lake: nataka abaki. Sikuambii eti nimesikia.

Soko linafunguliwa tarehe 30 Juni saa kumi na mbili jioni ya huku. Kwenu Tanga itakuwa saa saba usiku. Nimeshaongea na baba yako, amekubali, ila anasema ukalale mchana, na simu ukaisikilizie ukumbini usimwamshe bibi. Mimi nitakuwa sijaingia kazini. Nipigie.